Dali ya Mama Neema

Juma lililopita jirani yangu alikodi betonieri, ile mashine ya kukoroga zege, apate kumalizia baraza la nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa naanika nguo. Harufu ikaruka ukuta ikanifuata: saruji mbichi, petroli, na mpira unaopata moto kwenye chuma. Niliacha beseni hapohapo, nikaingia getini kwake bila kubisha, nikamkabili kijana wa mashine.

"Muko na mukanda ya akiba?"

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama, tuko tunamwanga barza tu."

Nikamwambia sikumuuliza wanamwaga nini, nimeuliza mkanda. Walicheka, na jirani naye akacheka, kisha akaniletea kiti na maji ya kunywa kama mtu aliyepandwa na malaria. Nikakaa. Nilikaa pale mpaka mashine ilipozimwa, nguo zangu zikaanza kunuka kwenye beseni, wala sijutii. Wacha wacheke. Wao hawakuwahi kumjua Mama Neema.

Wenye umri wangu mliokulia Kamalondo mnakumbuka wakati ule wanaume waliporudishwa nyumbani kutoka machimboni, kila mmoja na bahasha yake ya mwisho, na kila mmoja akageuka mfanyabiashara. Mmoja kwenye avenyu yetu alifungua baa, akainywa yote mwenyewe. Mwingine alileta mashine ya kusaga mahindi. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa mashine huko machimboni, alinunua betonieri. Ilikaa uani karibu na jiko letu la makaa, ina rangi ya chungwa, mdomo wake umeelekezwa ukutani, kwa sababu mama alisema hawezi kupika huku kitu kinamwangalia. Watu walikuja kuikodi kutoka kila upande wa Lubumbashi, kwa maana miaka ile kila mtu alikuwa anajenga, hata asiyekuwa na choo. Baba hakuitoa peke yake. Aliyekodi mashine alimkodi na yeye, akaenda nayo, akasimama pembeni yake siku nzima na kitambaa cha mafuta mfukoni.

Kuna kazi ya zege unayoweza kuiacha katikati ukaenda kula: msingi, sakafu, baraza. Dali haiachwi. Dali ni lile zege linalofunika nyumba badala ya bati, na kwetu mtu mwenye nyumba ya dali alisalimiwa kwa heshima yake. Siku ya kuimwaga, mama mwenye nyumba aliamka kupika bukari, ule ugali wetu, na mbuzi wa kutosha watu ishirini, mmoja wao akasali sala fupi, betonieri ikawashwa, na tangu hapo haikuzimwa mpaka kona ya mwisho. Zege la asubuhi likikauka kabla ya kukutana na la jioni, hayashikani tena. Unapata dali mbili zilizolala kitanda kimoja zimepeana mgongo. Baba alikuwa akiieleza sheria hiyo kwa kila mteja, kidole juu, kama katekista. Nami nilikuwa naijua kwa moyo, kama watoto wanavyojua sala kwa moyo bila kujua zinasema nini.

Mama Neema alikuwa mjane kutoka Butembo, huko Kivu ya Kaskazini. Mume wake alipofariki, kaka yake mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Patron Muhindo, alimleta Lubumbashi pamoja na binti yake mmoja, Neema, akaamua kumjengea nyumba ng'ambo ya reli, kwenye mitaa iliyokuwa bado nusu majani. Patron Muhindo alikuwa na malori. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na watu wa sauti kubwa walinyamaza alipopita. Alitaka dadake awe na dali, na baadaye orofa juu yake. Fundi wake wa ujenzi, Kazadi, ndiye aliyekuja kwetu kukodi betonieri.

Asubuhi ya siku hiyo mama alikuwa anafagia uani. Akainama, akaugusa ule mkanda wa mpira unaozungusha pipa la mashine.

"Papa, hii mukanda iko inakatika," akamwambia baba.

"Itatufikisha."

"Na ile ingine?"

"Nilisha kuitumia. Mama, wacha miye nifanye kazi yangu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi yenyewe, na ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Shule ilikuwa imefungwa, basi baba akanipakia kwenye pikapu iliyokuja kuivuta mashine nikaenda naye.

Mimi na Neema tulikaa juu ya rundo la matofali, tukila karanga, tukawatazama wanaume wakipokezana makarai kwenye ngazi ya mbao. Alikuwa wa rika langu, mwembamba, na alisema Kiswahili cha kwao, laini, nikamcheka kidogo akanicheka zaidi. Dali ilikuwa imefika nusu pale mkanda ulipokatika. Nilisikia mlio kama kofi. Pipa likazunguka mara moja, likatikisika, likasimama na zege tumboni. Baba hakupiga kelele. Alisimama ameshika kile kipande cha mpira, midomo imekuwa myeupe.

Walimtuma mtu mjini kutafuta mkanda mwingine. Wakaanza kukoroga kwa sepetu, wanaume wanane wakitoka jasho, na labda wangeweza, lakini mvua ikashuka. Sio manyunyu. Ile mvua yetu ya Katanga inayokuja kama mtu mwenye hasira zake. Kila mtu akakimbilia chini, na nusu ya dali ikabaki juu peke yake ikinyeshewa.

Mkanda ulipatikana kesho yake. Fundi Kazadi alipanda juu, akapapasa ule ukingo wa zege lililolala, akashuka. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Alisema lazima ukingo ukatwe kwa patasi, uoshwe, upakwe saruji ya maji, ndipo waendelee, na kazi hiyo peke yake itakula siku nzima. Baba akasema Patron anakuja saa sita na wageni wake kuona dali ya dadake. Kazadi akakuna kichwa.

"Mukubwa, itakuwa dali mbili."

"Mwanga tu," baba akasema. "Mwanga, nitaichunga miye mwenyewe."

Wakamwaga. Baadaye walikuja kupiga plasta chini na juu, ukipitisha mkono husikii kitu. Saa sita ya siku ile Patron Muhindo alikuja, akatazama, akafurahi. Njiani kurudi baba aliniambia, "Mama, habari ya mukanda tusimwambie mama yako." Alikuwa akiniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao, na nilikuwa napenda sana kuitwa hivyo na yeye. Nikakubali. Kwangu mimi mashine ilikuwa imeharibika na mashine imepona. Tulikuwa tumekula mbuzi. Sikujua kwamba mwanamke na mtoto wake walikuwa wanahamia chini ya zege ambalo baba yangu mwenyewe alijua kuwa siku moja linaweza kuwaangukia.

Masika yale baba alibadilika. Mvua ikianza tu kupiga bati letu, anaacha sahani, anaacha mtu anayezungumza naye, anachukua baiskeli. Mama akimuuliza, anajibu kuna mteja. Siku moja alinichukua nyuma ya baiskeli, na mteja akawa Mama Neema.

Saloni yake, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa na makochi mapya yaliyofunikwa vitambaa, na katikati yake, palipopaswa kuwa na meza, palisimama mti wa kalitusi mnene kama paja, ubao juu yake umegusa dali, na kabari mbili zimepigwa chini. Baba aliuweka yeye. Alimwambia saruji inahitaji muda mrefu kukomaa. Mama Neema alikuwa ameuvisha kalenda ya kanisa na kikapu cha vitunguu. Alitupa chai ya maziwa na mikate. Baba hakuigusa chai yake. Alikaa ameinua uso, macho dalini, midomo ikicheza kidogo, na mimi nilidhani anasali au anaona haya. Kisha akachukua nyundo, akapiga kabari, akapapasa ule mti juu na chini kwa mkono wake wote.

"Kusiwe mutu anapandisha matofali huko juu," akamwambia. "Orofa ingoje. Na mvua ikinyesha, muende mukae kule chumba ya nyuma."

Mama Neema akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sitaficha. "Papa, weye utaoa hii nyumba."

Baba hakucheka. Wakati wa kuondoka alimwachia mkate tuliokuja nao, akaniambia mlangoni, "Hii nayo tusimwambie mama yako."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa mtoto wa Kamalondo. Kule hata kuku wanajua biro ya pili ni nini. Baba yake rafiki yangu wa darasani alikuwa nayo, mwanamke mwingine wa kando, na rafiki yangu alinisomea dalili zote: anatoka bila sababu, anapeleka mkate, anasema usimwambie mama. Niliziweka kwenye vidole nikaona zimetimia. Nilimchukia Mama Neema kwa chai yake. Nilimchukia hata ule mti, kwa sababu sikuwahi kumwona baba akimshika mama kwa upole ule. Niliitunza siri yangu kama jipu. Kila mvua ilipoanza, nilimtazama mama akibaki peke yake na sufuria zake, nikamwonea huruma. Ningeinyamazia labda mpaka leo, kama isingekuwa siku ya komunyo yangu ya kwanza.

Mama alinishonea gauni jeupe lenye lesi shingoni. Nilikuwa na mshumaa mrefu, soksi mpya, na nywele zilizosukwa mpaka macho yakanivutika. Wasichana tulipanga mstari katikati ya kanisa, na kila mmoja alijua wazazi wake wamekaa benchi gani. Padri alikuwa amefika kwa msichana wa pili mbele yangu pale mvua ilipopiga bati la kanisa. Niligeuka kabla sijajua kwa nini. Baba alikuwa ameshasimama. Tulitazamana. Akatikisa kichwa kama mtu anayeomba msamaha, akapita magoti ya watu, akatoka.

Nilipokea Mwili wa Kristo nikiwa nalia kwa hasira, na watu wakasema angalia mtoto huyu, ameguswa.

Nyumbani shangazi zangu wawili, tuliowaita Ya Georgette na Ya Clémence kwa heshima, walikuwa wamejaa jikoni wakipika samaki wa Kasenga. Mama akauliza, "Papa yako eko wapi?" Aliuliza kwa kupita tu, anakausha mikono. Nikafungua mdomo.

"Eko kwa bibi yake ya pili. Kwa Mama Neema, kule ng'ambo ya reli. Anaendaka kila mvua. Anamupelekeaka mukate."

Yo! Mwiko ulianguka. Ya Clémence akasema, "Rudia." Nikarudia, na nikaongeza kicheko, na chai, na "utaoa hii nyumba," ila nilisema "utanioa." Neno moja tu nililigeuza. Nilikuwa na gauni jeupe na Yesu tumboni, na niliona raha kubwa sana.

Hawakungoja mvua ikate. Mama na shangazi walifunga vitenge viunoni, wakanikamata mkono niwaonyeshe njia. Kwenye daraja la reli tulipishana na baiskeli ya baba anayerudi, upande wa pili wa barabara, amefunika kichwa na mfuko wa saruji. Hakutuona, na mama hakumwita. Yeye alikuwa anamtaka mwanamke.

Sitaandika yote yaliyosemwa getini kwa Mama Neema. Shangazi zangu walikuwa na midomo. Majirani walitoka na miavuli. Mama Neema alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza, akageuza uso huku na huku. "Mama, hapana. Mama, minaapa mbele ya Mungu. Papa anakuyaka juu ya huu muti, huu njo anatengenezaka…"

"Muti!" Ya Georgette akaruka. "Watu, musikie! Anakuya juu ya muti!" Avenyu nzima ikacheka. Neema alikuwa amejificha nyuma ya mama yake, amenikazia macho.

Hapo Mama Neema alipandwa na heshima yake. Mtu mpole akifikishwa pale hutisha. Aliingia ndani, tukasikia mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ukipiga kabari, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kalenda ikaanguka. Alitoka akiburuta ule mti wa kalitusi peke yake, vitunguu vikiviringika nyuma yake, akautupa matopeni mbele ya miguu ya mama yangu.

"Mubebe muti ya bwana yenu! Asirudie tena hapa. Minamwambia kaka yangu leo hii, bwana yako akitia muguu hapa tena, ataona!"

Na mama akaubeba. Yeye na shangazi zangu waliuweka mabegani, wakavuka nao reli, wakaimba. Mnajua wanawake wa kwetu wakiwa wameshinda. Nilitembea mbele nikiwa nimeinua gauni langu lisiguse tope.

Baba alikuwa amekaa uani anabadilisha viatu. Wakautupa mti mbele yake. Aliutazama ubao wa juu, bado umepigiliwa misumari yake mwenyewe. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukiisha hivyo.

"Hii muti imetoka wapi?" Alijua. Aliuliza tu.

"Umuulize bibi yako," mama akajibu.

Angeweza kusema pale. Maneno matatu yangetosha: dali iko mubaya. Nimeyahesabu mara nyingi. Lakini shangazi walikuwepo, na kwa Ya Clémence habari haikulala, ingefika kwa Patron Muhindo kabla ya giza. Baba akafunga kamba za viatu, akafungua, akafunga. "Sitaenda tena," akasema. Mama akalia kwa kushinda. Tukala samaki. Mti ukasimamishwa uani, ukafungwa kamba ya kuanikia nguo.

Alijaribu, hilo nitamtetea. Alikwenda mara mbili, na mara zote mbili alikuta mlinzi wa Patron getini na fimbo. Alimtuma mtu aseme orofa isijengwe. Mtu akarudi akasema wamemcheka. Patron Muhindo, kwa kuwa dadake alikuwa ameaibishwa mbele ya avenyu nzima, aliamua kumpandisha cheo mbele ya avenyu hiyohiyo: orofa ijengwe mara moja. Nilipita pale na wenzangu wa shule nikaona matofali yamepangwa juu ya dali, safu kwa safu, mekundu, mazuri. Nikamweleza baba nikidhani yeye atafurahi, ingawa kwangu ilikuwa nyumba ya adui. Aliondoka mezani akaenda kutapika.

Mvua ilianza siku ya kazi, asubuhi, tukiwa darasani. Ilinyesha mpaka mwalimu akaacha kufundisha kwa sababu hatumsikii. Niliporudi, nilimkuta baba amekaa chini uani, mvuani, mgongo umeegemea pipa la betonieri, na mama amesimama juu yake na mwavuli akimwambia ingia, ingia, una wazimu. Mtu mmoja alikuwa ameshapita na habari. Dali ya Mama Neema imekatika katikati, kama mkate. Mama Neema mwenyewe alikuwa saloni, chini yake, anachambua maharagwe. Neema alikuwa shule.

Baba alimwambia mama yote palepale, mbele yangu, bila kuinua kichwa. Mkanda. Mvua. Ule ukingo. Mti. Kila safari ya baiskeli. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mwavuli ulishuka polepole mpaka ukagusa matope.

"Nilikuambia mukanda," akasema. Halafu, "Ule muti niliubeba miye." Alisema hivyo mara nyingi. Aligeuka akanitazama, na nilikuwa nangoja kofi, nililitaka lile kofi. Hakunipiga. Aliniita kama baba alivyokuwa akiniita. "Mama, kuya hapa." Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akachuchumaa mbele yangu.

"Patron atauliza Papa alikuwa anafuata nini kule. Inginia atakuya, ataona dali ilimwangwa mara mbili. Kama Papa alijua, basi ameua. Unasikia? Watamufunga, ama Patron mwenyewe atamumaliza." Alikuwa ananishika mashavu, mikono yake inanuka makaa. "Mutu anafungwaka juu ya dali. Juu ya mwanamuke, hakuna mwenye anafungwaka. Wakikuuliza, utasema ile yenye uliniambia miye."

"Lakini haikuwa kweli, mama."

"Minajua."

Fundi Kazadi alikuwa ameondoka zamani kufuata kazi Kolwezi, hakuna aliyejua mtaa. Tulibaki sisi watatu tuliojua kwamba baba alijua.

Kilio kilikuwa kwa Patron Muhindo, ua mzima umejaa viti na mikeka. Tulikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa jibu. Baba alikaa na wanaume, amekunja mikono katikati ya magoti. Siku ya pili Patron alimwita mbele, kwa sauti yake ileile ndogo.

"Betonieri ilikuwa yako. Watu ya avenyu wanasema ulikuwa unakuya kila mvua, unaangalia, unapigapiga. Ulijua dali ya dada yangu iko mubaya?"

Baba alifungua mdomo. Naamini mpaka leo kwamba alitaka kusema ndiyo. Mama akasimama kwenye mkeka wa wanawake.

"Patron, pole. Usimuulize mambo ya dali, hakuna kitu anajua. Alikuwa anakuya juu ya marehemu. Miye nilikuya kugombana naye, avenyu yote iliona. Mungu amusamehe, na miye minamusamehe." Akanivuta mbele. "Huyu mutoto njo aliwakuta."

Patron Muhindo akaniinamia. Alikuwa na macho ya dadake. "Ni kweli?"

Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele, amenyolewa kichwa, miguu imenyooka. Baba alikuwa ananitazama. Nikasema ni kweli. Nikasema baba aliniambia tusimwambie mama, na hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa hiyo lilitoka vizuri.

Ua ukaguna. Wanaume wakatazama chini. Patron akajinyoosha, akafumba macho, na nikaona jinsi alivyoona aibu kwa ajili ya maiti wake. Hakuuliza tena.

"Uongo!" Neema akasema. Alikuwa amesimama. "Huyu papa hakukuyaka kwa mama. Alikuyaka kuangalia dali. Kila siku dali! Alituambia tusikae saloni mvua ikinyesha, alituambia tusipandishe matofali…"

"Nyamaza, mutoto," mwanamke mmoja wa kwao akamkumbatia, akamziba uso na kitenge. "Uchungu njo iko inakusemesha. Mama yako amekwenda, wacha."

Walimbeba ndani akiwa anapiga miguu. Tulimsikia nyuma ya ukuta akirudia "dali, dali," kisha hatukumsikia. Bibi mmoja mzee akanikalisha kwenye mkeka, mahali pa Neema, pakiwa bado na joto, akanipapasa kichwa akiwaambia wenzake kwamba mtoto mdogo hivi hajui kudanganya. Wakaniletea chupa ya sukre, yaani soda, ya baridi. Niliinywa yote.